Jinsi ya kuendesha gazeti lako ndani ya seva ya uhusika: mwongozo kamili kutoka Mbeya

Ijumaa saa tano usiku, mwezi wa Julai, Uyole kuna baridi ya kukunja vidole, na mimi nimekaa na blanketi mabegani nahesabu ngozi za ng'ombe. Zipo 22. Zinatakiwa 30. Kesho saa nne asubuhi gazeti liwe mezani, habari zote zimeshahaririwa, na toleo zima limekwama kwa sababu Jumatano sikulisha ng'ombe ngano. Hakuna aliyeniambia kabla sijaanza kwamba mhariri wa gazeti la kwenye gemu ni mfugaji kwanza.

Mwongozo huu ni wa wachezaji wa Minecraft walio kwenye seva ya uhusika, ile ambayo ukiingia hujengi nyumba tu: wewe ni mwashi, au hakimu, au muuza samaki, na unaishi hivyo hadi utoke. Seva yetu ina watu kama arobaini. Wengi wako Mbeya mjini na Tukuyu, lipo kundi la Iringa, na wachache wa Njombe. Wenye laptopu wanaingia na toleo la Java, wenye simu wanapitia Geyser, programu inayowaunganisha na seva ya Java. Kama unacheza gemu nyingine, ruka hesabu za karatasi na ngozi, mengine yatakufaa.

Kaa na mwenye seva kabla hujaandika neno

Gazeti likiwa la admini, yaani mwenye seva, hilo ni tangazo la ukutani. Gazeti la mchezaji lazima liwe na uwezo wa kuandika kwamba admini kachelewa kurekebisha ramani. Lakini dunia yote unayoiandikia iko kwenye mashine ya mtu mwingine, na siku akichoka nawe anakutoa kwa kubofya mara moja.

Mfano unaojulikana ni wa Peter Ludlow, mwalimu wa falsafa wa chuo kikuu huko Marekani. Mwaka 2003 alianzisha The Alphaville Herald, gazeti la mji mmoja wa gemu ya The Sims Online, akawa anaandika utapeli na mambo mengine mazito yaliyokuwa yakifanyika mle ndani. Desemba ya mwaka huohuo akaunti yake ikafungwa. Kampuni ilisema amevunja masharti kwa kuweka kiungo cha tovuti ya biashara kwenye wasifu wake; yeye akasema ananyamazishwa. Gazeti halikufa, kwa sababu maandishi yake yote yalikuwa nje ya gemu. Lilihamia Second Life likaendelea. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ndogo: kila toleo liwe na nakala kwenye simu yako, maandishi matupu, kabla halijaingia kwenye seva.

Kazi ya pili ni makubaliano. Yaandikwe, hata kama admini ni rafiki yako wa tangu shule ya msingi. Sisi yetu yana mambo manne. Admini hasomi gazeti kabla halijatoka. Anaweza kuondoa kitu kinachomgusa mchezaji mwenyewe, yaani mtu wa kweli, lakini si kinachomgusa mhusika, hata mhusika huyo akiwa wa kwake. Hatupewi habari kutoka kwenye kumbukumbu za seva. Kama CoreProtect, programu inayotunza hizo kumbukumbu, inaonyesha nani kavunja ukuta, hiyo ni siri ya ulinzi na mwandishi aende akatafute mashahidi kwa miguu. Na kiwanja cha ofisi kinalindwa, mtu asivunje wala kuchoma.

La tatu ndilo admini wetu alilishangaa. Alidhani nitafurahi kupewa kumbukumbu. Mwanangu, ukipewa kila jibu na mashine huna gazeti tena, una karani wa polisi. Na siku ukiandika jambo baya juu ya mhusika wa admini, atazifunga hizo kumbukumbu, na wasomaji watajua chakula chako kilikuwa kinapikwa jiko gani. Mwaka 1937 Erica Fiah alipoanzisha gazeti la Kwetu pale Dar es Salaam, tayari kulikuwa na Mambo Leo ya serikali, iliyoanza 1923, iliyosambaa nchi nzima na yenye uwezo kuliko yeye. Alikuwa na gazeti dogo. Lakini lilikuwa lake.

Mhusika na mchezaji ni watu wawili

Hapa ndipo magazeti mengi ya kwenye gemu yanapofia, na langu lilibaki kidogo tu.

Mtunza hazina wa mji wetu hakuonekana kwenye seva siku tano mfululizo. Hazina ya mji, yaani zumaridi tunazotumia kama pesa, iko chini ya funguo zake. Nikaandika ukurasa wa kwanza: mtunza hazina hajulikani alipo, zumaridi za mji je? Ilikuwa habari nzuri. Watu walicheka, wengine wakaenda kupiga mlango wa nyumba yake, mmoja akapanda jukwaani kudai uchaguzi. Siku ya sita simu yangu ikaita. Anayemcheza mtunza hazina ni mwalimu wa sekondari, amenizidi miaka kumi na tano.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimeliona gazeti lako."

Nikasubiri.

"Tulikuwa tunamzika bibi. Kule kijijini Tukuyu mtandao hamna, nimewasha simu sasa hivi niko stendi. Ujumbe wa kwanza kuona, watu wananiuliza pesa nimepeleka wapi."

Hakugomba. Ningependa angegomba. Nilimpa pole, nikaomba radhi, na kesho yake nikaenda kwake Forest na mchele kilo tano, maana msiba ni msiba hata ukiujua kwa kuchelewa.

Tangu siku hiyo tuna kanuni moja ambayo kila mwandishi mpya anaikariri kabla ya kupewa kitabu cha kuandikia: kutokuwepo si habari. Mtu asipoingia kwenye seva, mhusika wake amelala. Haibi, hakimbii, hafi. Ukitaka kuandika kwamba mhusika ametoroka, umuulize mchezaji wake kwa simu, nje ya gemu, na akubali. Vivyo hivyo ukiambiwa kitu kwenye kundi la WhatsApp, mhusika wako hakijui. Hata kama umeandikiwa kwamba mji wa pili unapanga vita, huwezi kukichapa mpaka mhusika wako akisikie kwa masikio yake ndani ya gemu. Weka alama: sisi kwenye daftari la habari tunaandika "N" kwa kilichosikika ndani na "J" kwa cha nje. Cha "J" hakichapwi.

Na kinyume chake: usimpigie mtu simu ukamuuliza maswali ya mhusika wake akiwa kwenye daladala. Nenda kwake kwenye gemu, bisha hodi, msubiri atoke. Mahojiano yenye uhai hutokana na mtu aliyeshika sululu mkononi na anataka umalize haraka aendelee na mgodi.

Mtaji: ngozi ndiyo inayoua

Gazeti la Minecraft ni kitabu. Kitabu kimoja ni karatasi 3 na ngozi 1. Ukikiongezea wino wa ngisi mmoja na unyoya mmoja kinakuwa kitabu cha kuandikia. Kila nakala unayotoa inakula kitabu kimoja cha namna hiyo. Basi hesabu ya nakala 30 iko hivi: karatasi 90, ngozi 30, wino 30, manyoya 30.

Karatasi zisikutishe. Miwa mitatu hutoa karatasi tatu, na muwa unaota wenyewe kando ya maji. (Sisi tuliokulia njia ya Mafinga tunacheka kidogo, maana karatasi tuliyoonyeshwa na walimu ilitoka kwenye misonobari ya Sao Hill, ikapikwa kiwandani Mgololo. Kwenye gemu hata harufu yake hakuna.) Panda mistari miwili mirefu ya miwa, utavuna mpaka uuze. Na kuuza kunawezekana: mwanakijiji mtunza vitabu ananunua karatasi 24 kwa zumaridi 1, bei ya mwanzo. Hiyo ndiyo njia yangu ya kujua karatasi yangu ina thamani gani. Karatasi 90 za toleo moja ningeweza kuziuza zikanipa zumaridi 3, zikabaki karatasi 18. Kwa hiyo kabla sijauza nakala hata moja nimeshatumia zumaridi karibu 4.

Ngozi ndiyo mgogoro. Ng'ombe mmoja hutoa ngozi kati ya 0 na 2, na ukiwa na bahati mbaya unachinja kumi unapata sita. Kwa nakala 30 panga ng'ombe 35. Ndama hukua kwa dakika 20, na ng'ombe waliozaa hukaa dakika 5 kabla hawajakubali tena. Ukianza na ng'ombe wanne na shamba la ngano la kutosha (ngano ndiyo huwafanya wazaane), siku mbili tatu za kuingia jioni zinakutosha kwa wiki nzima. Usiache mpaka Ijumaa.

Kuku watakupa manyoya, na nyama yao uza. Ngisi utawapata mtoni au baharini, mmoja hutoa wino 1 mpaka 3. Mpe kazi hiyo mwandishi mdogo kuliko wote. Akirudi amelowana na wino 40 ujue huyo atafika mbali.

Bado meza za kusomea. Zile za kuweka kitabu wazi ili mtu yeyote asome zilikuja na toleo la 1.14 mwaka 2019. Meza moja inataka vibao vya nusu 4 na kabati la vitabu 1, na kabati hilo limemeza vitabu 3, yaani ngozi nyingine 3. Meza sita ni ngozi 18. Zijenge polepole, mbili mbili.

Habari: anza sokoni

Kila anayeanzisha gazeti anataka vita. Vita inauza toleo moja. Wiki inayofuata wapiganaji wamepatana, wanajenga ukuta pamoja, na wewe huna kitu. Kinachomfanya mtu afungue gazeti lako kila Jumamosi ni ukurasa wa pili, ule wa bei.

Nenda Mwanjelwa asubuhi umuulize mama anayeuza viazi bei ya debe. Hatakwambia namba peke yake. Atakwambia leo ni kiasi fulani, jana ilikuwa kiasi fulani, na imepanda kwa sababu mvua imeharibu njia ya Umalila na malori mawili hayajashuka. Bei, jana, sababu. Hayo matatu kwa bidhaa sita au saba, na ukurasa umekwisha: ngano, mkaa, chuma, mbao, ngozi, samaki, na kitu kimoja cha msimu. Mwandishi wa soko asiulize tu, anunue. Muuzaji akisema mkaa 15 kwa zumaridi 1, toa zumaridi upokee mkaa uhesabu. Mara mbili tumekuta bango linasema 15 na kasha linatoa 12.

Ukurasa wa bei ndio uliotupa habari yetu kubwa kuliko zote. Kwa wiki tatu ngozi ilipanda bila sababu. Tulipofuatilia, tukakuta kundi la watu wa upande wa mgodini wananunua ngozi yote ya mji ili gazeti lisitoke, kwa sababu tulikuwa tumeandika juu ya mpaka wa shamba lao. Mtu anayekuhujumu kwa kukununulia ng'ombe, huyo nilimheshimu. Tuliandika, tukataja bei za wiki zote tatu, na toleo hilo lilitoka na nakala 9 tu.

Baada ya soko, fuata ofisi: hazina, mahakama, mipaka. Ankara hasa. Januari 2014 kwenye EVE Online, gemu ya vyombo vya anga, malipo ya umiliki wa mfumo mmoja wa nyota uitwao B-R5RB hayakupita. Wapinzani wakaingia, wenyewe wakarudi kuukomboa, na vita iliyofuata ikaenda kama saa 21, wachezaji zaidi ya elfu saba, vyombo vikubwa vya aina ya Titan 75 vikateketea. Chanzo ni malipo yaliyopita tarehe. Kwa hiyo kila mwezi mwandishi wetu mmoja anamwomba mtunza hazina amwonyeshe nani hajalipa kodi ya kiwanja. Mwalimu humwonyesha, na husema kila mara, "Andikeni vizuri safari hii."

Uthibitisho: watu wawili wasiokaa nyumba moja, au mmoja pamoja na skrinshoti. Mwandishi afike mahali penyewe na aandike koordineti, yaani namba za mahali hapo kwenye ramani. Kwenye kompyuta ni kitufe cha F3. "Ukuta umebomolewa" bila koordineti ni umbea. Na usimlipe mtu kwa habari, maana utaletewa habari nyingi kuliko matukio.

Kuandika

Ukurasa wa kitabu kwenye toleo la Java hubeba mistari 14. Kwenye simu ukurasa una herufi 256 tu, na nusu ya wasomaji wako wanashika simu. Andika kwa kipimo cha simu.

Kijana wetu mmoja wa Iringa, mwanafunzi wa chuo, aliniletea hii:

"Wapendwa wasomaji wetu, ni matumaini yetu kuwa hamjambo na mnaendelea vema na ujenzi wa taifa. Leo tumewaletea habari ya kusikitisha sana kuhusu daraja letu pendwa ambalo limepatwa na maafa makubwa yasiyoelezeka..."

Kurasa tatu, na sijajua daraja limefanyaje. Tukakaa naye tukaitoa hivi:

"Daraja la Bandarini halipitiki. Kriipa alilipuka katikati usiku wa Jumanne. Vipande 11 vya mbao havipo. Fundi anataka zumaridi 6. Mtunza hazina anasema fungu hakuna. Wauza mkaa wanazunguka kwa mgodini, dakika nne zaidi. Mkaa jana 15 kwa zumaridi, leo 12."

Inaingia kurasa mbili za simu (kriipa ni zimwi la gemu linalojilipua) na muuza mkaa ameijua bei yake. Salamu zile zina mahali pake, na mahali hapo ni barua za wasomaji. Huko waache waandike watakavyo. Msomaji wetu wa Iringa huanza kila barua na "kamwene" na kumaliza na malalamiko juu ya kelele za mashine ya nguvu ya jirani yake, na sijawahi kumkata hata mstari. Mwingine wa Tukuyu husaini "ndaga fijo", asante sana, hata kama ametutukana kuanzia juu mpaka chini. Hizo ndizo zinazosomwa kwa sauti.

Usiandikie moja kwa moja kwenye kitabu cha gemu. Umeme ukikatika kabla hujabonyeza kitufe cha kumaliza, maandishi yote yamekwenda, na kwetu msimu wa mvua ni suala la lini tu. Andika kwenye daftari la simu, mtu mwingine asome, ndipo ukanakili na kubandika ukurasa kwa ukurasa.

Kusaini na kurudufu

Soma sehemu hii mara mbili. Kitabu kikishasainiwa hakihaririki tena, milele. Toleo letu la nne nilikusudia kichwa kisemacho "Hakimu afunga kesi ya mbuzi". Nikasaini usingizi umenilemea. Asubuhi mji mzima ulikuwa nje ya mahakama, kwa sababu ukurasa wa kwanza ulisema "Hakimu afungwa kesi ya mbuzi". Herufi moja. Hakimu mwenyewe alikuja ofisini akiwa amevaa joho, akanunua nakala tatu.

Kwa hiyo: kabla ya kusaini, mtu ambaye hakuandika asome kwa sauti kupitia simu, wewe ukifuata kwa macho kwenye kitabu. Jina la kitabu liwe fupi, herufi zisizidi 15, liwe na namba ya toleo. Mwenye kusaini awe mtu mmoja siku zote, kwa sababu jina la akaunti yake linabaki kwenye kitabu na halifutiki. Huo ndio muhuri wako. Mtu anaweza kutengeneza gazeti bandia lenye jina lilelile, lakini jina la aliyesaini litakuwa la kwake. Wafundishe wasomaji kuangalia hapo. Sisi tulipata bandia moja wakati wa uchaguzi, na muuza samaki ndiye aliyeigundua kabla yetu.

Sasa kurudufu. Kuna ngazi tatu: kitabu asili, nakala ya asili, na nakala ya nakala. Hiyo ya mwisho hairudufiki tena. Ukiuza nakala za ngazi ya pili, mnunuzi mjanja atarudufu kwa ngozi zake na kuuza nusu bei. Fanya hivi: toa nakala moja kutoka kwenye asili, asili ifungie kashani. Ile nakala iwe ndiyo kanda yako ya kuchapia. Iweke kwenye meza ya ufundi pamoja na vitabu vya kuandikia mpaka 8. Kwenye Java zinatoka 8 kwa mkupuo na kanda inabaki mkononi. Mara nne umemaliza 30, na zote ni za ngazi ya tatu.

Tuna wakala kwenye mji wa kule mbali, kundi la Iringa. Huyo tunampa nakala moja ya ngazi ya pili achapishe kulekule kwa ng'ombe wake mwenyewe, mapato nusu kwa nusu. Kubeba vitabu 20 jangwani usiku ukiuliwa vinamwagika chini na anayepita anaokota. Tumejifunza.

Kusambaza

Watu wetu wanasoma vichwa. Simama Kabwe kituoni asubuhi uone wanaume kumi wameinama mbele ya meza ya magazeti, mikono nyuma, na muuzaji amewazoea. Usipigane na tabia hiyo, itumie. Weka meza ya kusomea kila palipo na watu wanaosubiri: sokoni, bandarini, mlango wa mahakama, kwa mhunzi. Zile sita zetu zina kurasa mbili tu, vichwa na bei. Anayetaka barua za wasomaji na kesi anunue, nusu ya bei ya mkate wa mji. Hicho kijitabu cha kurasa mbili nacho ni ngozi sita za ziada kila wiki, kihesabu.

Meza ina kitufe cha kuchukua kitabu, na atatokea wa kukichukua. Kama eneo linalindwa na programu ya seva, mwombe admini azuie hapo. Kama halilindwi, weka meza mahali muuzaji anapaona.

Jambo moja tamu: kila ukurasa unapofunuliwa, meza hutoa mpigo wa redstone, ule umeme wa kwenye gemu. Ukiweka dropa (kifaa cha kudondosha vitu) yenye mbegu za ngano chini ya meza, ikitazama kwenye kasha, kila ukurasa unaofunuliwa mbegu moja inaangukia kashani. Jumapili jioni nafungua makasha nahesabu mbegu. Ni hesabu ya kufunua, si ya watu, na kuna mtoto mmoja huwa anafunua mbele na nyuma kwa kujifurahisha. Hata hivyo iliniambia jambo ambalo sikulitaka: meza ya mahakamani, niliyoijenga kwa mbao za bei, ilikuwa na mbegu 7. Ya kwa mhunzi zilikuwa 140. Nikaihamisha.

Ratiba: usitangaze gazeti la kila siku. Siku ya kwenye gemu ni dakika 20. Fuata kalenda ya ukutani. Kwetu ni Jumamosi saa nne, kwa kuwa Jumamosi watu wamenunua bando la wiki. Likichelewa tunabandika kibao mlangoni chenye saa mpya. Likichelewa mara mbili mfululizo tunapunguza kurasa, hatuisogezi siku.

Pesa na lawama

Matangazo yapo ukurasa wa mwisho, zumaridi 2 kwa mistari mitano, hulipwa kabla. Mtangazaji akiwa na kesi tunaiandika kama ya mtu mwingine. Shilingi usiiguse. Aliwahi kutokea mtu akataka kunitumia hela halisi kwa simu ili nisiandike kwamba nyumba yake imevuka mpaka. Nilimwambia aje ndani ya gemu na mhusika wake ajaribu kunihonga kwa zumaridi, hiyo ingekuwa habari. Hakuja.

Ukikosea, sahihisho likae ukurasa uleule kosa lilipokaa. Si mwisho, si kwa maandishi ya kujificha. La mwalimu lilikaa ukurasa wa kwanza, mistari sita, na jina langu chini.

Ukiamua kurasa zako zitoke nje ya gemu, ujue umetoka kwenye sheria za seva na kuingia za nchi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haijali kwamba ulikuwa umevaa kofia ya mhusika, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu majina na picha za watu wa kweli. Majina halisi ya wachezaji yasitoke kabisa, na kama kuna watoto kwenye seva hata jina la shule yao lisitajwe.

Kumbukumbu na mrithi

Kila toleo, kitabu asili kinakwenda kwenye rafu ya kuchongwa, ile iliyoingia na 1.20 mwaka 2023. Rafu moja inabeba vitabu 6. Zetu ziko chini ya ofisi, nyuma ya mlango wa chuma, na anayetaka kusoma ya zamani anasindikizwa.

Mrithi umtafute mapema, kwa sababu siku ya kuitwa JKT au kupata kazi Songwe haitangazwi. Mpe mwezi mzima. Wiki ya kwanza afuge, ya pili akusanye bei, ya tatu ahariri, ya nne asaini. Na asaini wewe ukiwa umesimama hapohapo sokoni mbele ya watu, maana kuanzia toleo hilo jina kwenye kitabu litabadilika, na muuza samaki asipoambiwa atalitangaza kuwa ni bandia.